Risoto Iliyomwagwa

Kafedha alirudi kutoka kiwandani Changamwe miguu imemvimba, na hamu moja tu: kula risoto. Valarie, mwenzake wa kufunga majani chai, alikuwa amemwonjesha wali huo wa Kitaliano wenye uyoga, na tangu hapo ladha haikumtoka mdomoni. Njiani alipitia dukani akanunua paketi mbili.

Nyumbani alimkuta Kanze, shangazi ya mumewe, aliyekuja mjini kutibiwa macho.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

Kafedha alimimina paketi moja kwenye sufuria, akatia maji na siagi, akakoroga taratibu kama ilivyoandikwa. Wali ukalainika, ukawa mzito, jikoni kukanukia uyoga. Shangazi akachungulia.

"Huu wali au uji?"

"Ndivyo unavyokuwa."

"Basi mimi nipe chai na mkate. Uyoga naula niliouchuma mwenyewe."

Kafedha akacheka. Akamwandalia chai, akaufunika wali wake, akaenda kuoga.

Alipotoka, mumewe Kalama alikuwa amefika kutoka kazini Kipevu, na sufuria ilikuwa tupu.

"Chakula changu kiko wapi?"

"Kile? Nimemwaga. Ulizidisha maji, kikawa bokoboko. Pika kingine."

"Ulikionja?"

"Bokoboko niionje ya nini?"

"Mimi nilikuwa hapo bafuni. Ulishindwa kuniita?"

"Kwani hata shangazi si ameniambia amekataa kukila?"

"Usinitie mimi humo!" shangazi akafoka. "Nilisema sili. Nani kakwambia umwage? Mtu kasimama kutwa kiwandani, kapika chakula chake, wewe waingia na viatu wakitupa jaani!"

Kalama akajaribu kucheka. Hakuna aliyecheka naye. Kafedha alihisi machozi ya hasira yakimpanda, akayazuia. Akatia maji kwenye sufuria, akararua paketi ya pili, akakoroga bila kuinua macho.

"Na mimi nitakula nini?"

"Unga uko kwenye ndoo."

Alipakua sahani moja, akaketi kando ya shangazi. Shangazi akaomba kijiko, akatafuna, akakunja uso.

"Bado siupendi," akasema. "Lakini kula, mwanangu. Kula ushibe."

Kalama alikuwa akipambana na ugali uliojaa madonge.

"Samehe," akanong'ona.

"Nimesikia," Kafedha akajibu, akaendelea kula.