Mazishi ya Maneno Machakavu

Mwalimu mpya aliingia darasani na imani moja, na imani hiyo hakufundishwa chuoni. Aliipata mwenyewe siku aliyosoma upya insha zake za utotoni akagundua kwamba hakuna hata moja aliyoiandika yeye. Zote zilitoka kwenye kitabu cha mifano. Jua lilichomoza kwa madaha, ndege wakaimba kwa sauti za kinanda, naye akarauka alfajiri na mapema, ilhali nyumbani kwao hakuwahi kuamka bila kuvutwa mguu. Basi akajiapiza kwamba mtoto atakayepita mikononi mwake ataandika alichokiona kwa macho yake, hata kama alichokiona ni kuku aliyelala kwenye ndoo.

Walimpa darasa la mwisho la shule ya msingi: madawati ya wawili yaliyokaliwa na watatu, ubao uliopasuka pembeni, dirisha lisilofungika. Alikusanya insha akaenda kuzisoma katika chumba cha walimu, na kila alipofungua nyingine, jua lilikuwa linachomoza tena. Mwalimu wa hesabu, mtu mzima mpenda utani aliyekaa meza ya jirani, alimshauri asijichoshe. Jua la watoto hao, alisema, lingechomoza hadi siku ya mtihani, na wangefaulu nalo.

Aliyemshinda kabisa alikuwa msichana mmoja wa dawati la mbele. Wenzake walimwita Mheshimiwa, kwa kuwa hata akiomba ruhusa ya kwenda msalani alisema kama mtu aliyesimama jukwaani. Katika insha zake mtu hakukimbia tu. Alitoka shoti kama swara aliyemwona simba. Hakulia tu, machozi yalimtiririka njia mbilimbili. Aliandika haraka, bila kufuta, kichwa amekiinamisha upande kana kwamba kuna mtu anamsomea. Mwalimu, ambaye hakupenda wino mwekundu, alimwandikia pembeni kwa penseli: Wewe uko wapi humu? Insha iliyofuata ilikuja vilevile.

Ndipo alipopata wazo la mazishi.

Aliwaambia wanafunzi kwamba maneno nayo huzeeka, na yakishachakaa hustahili kuzikwa kwa heshima. Kila mmoja aandike kwenye vikaratasi misemo yote aliyoikariri, aitie ndani ya boksi tupu la chaki, kisha watachimba shimo nyuma ya darasa. Watoto walifurahi kupita kiasi. Mmoja alijitupa chini akaomboleza mpaka darasa la jirani likachungulia. Mwingine, mcheshi wao, alishika boksi kifuani akahutubia.

"Poleni wafiwa. Marehemu Jua Lilichomoza alikuwa mtu wa watu. Ameacha mjane na aya tatu."

Mheshimiwa alikuwa na vikaratasi vingi kuliko wote. Alipofika mbele aliuliza kwa sauti ndogo, "Yote, mwalimu?"

"Yote. Usibakize hata moja."

Alivitia kimoja kimoja. Hakucheka, na shimo lilipofukiwa alisimama pembeni mikono imefumbatwa. Mwalimu alimwona, akadhani ni uchungu wa mtu aliyevuliwa vazi la kujionyeshea. Uchungu huo utapita, alijiambia.

Kuanzia siku ile msichana hakuandika insha tena. Aliandika jina, tarehe na kichwa cha habari, akapiga mstari kwa rula, basi. Mwalimu hakumkaripia. Alimhamishia karibu na dirisha, akampa mada nyepesi, akampa picha aielezee. Karatasi ilirudi nyeupe. Mtihani wa mwisho ulikuwa unakaribia, na asiyeandika insha hakuwa na njia ya kwenda sekondari. Hatimaye mwalimu aliuliza katika chumba cha walimu kama kuna anayejua kinachomsumbua mtoto yule.

Mwalimu wa hesabu alivua miwani. "Kwani hukuambiwa? Baba yake alizikwa likizo iliyopita, kabla hujaja."

Hakuna aliyemlaumu. Kila mmoja alidhani mwenzake amemweleza, na jambo la wote likawa halina mwenyewe. Mwalimu mpya aliketi. Alisikia tena vilio vile vya mzaha, na zile pole, na mwangwi wa udongo juu ya boksi.

Jioni alikwenda kwao. Mama wa msichana alikuwa sebuleni, mbele ya cherehani, vitambaa vimejaa kwenye kochi. Aliondoa kimoja ili mgeni apate pa kukaa. Mwalimu alieleza yote bila kujitetea, akaomba radhi kwa kuchezea neno mazishi mbele ya mtoto mfiwa.

Mama alimsikiliza, akasema watoto ni watoto, michezo yao ndiyo hiyo. Kisha akamuuliza ni maneno gani hasa yaliyozikwa. Mwalimu alipomtajia mawili matatu, mama alishusha pumzi.

"Hayo ni ya baba yake."

Akamsimulia polepole, mkono ukinyoosha upindo uliokwishanyooka. Mumewe alikuwa fundi cherehani. Shule aliiachia njiani, na kati ya yote aliyosoma iliyombakia ni ile misemo. Kila jioni alikuwa akikanyaga mashine huku binti yake amekaa chini, karibu na meza ya kukatia, anaandika. Baba anatupa msemo, binti anatafuta pa kuupachika. Walicheka wenyewe kwa wenyewe.

"Mimi niliwaambia, jamani, mtu haongei hivyo. Akanijibu, kusema tunasema kila siku, mke wangu. Kuandika ni kuvaa." Alitabasamu, tabasamu likamkatikia njiani. "Alipoondoka, mtoto alikuwa anaisema misemo ile mwenyewe kabla ya kulala. Siku hizi kimya. Nilidhani amekua."

Kesho yake wakati wa mapumziko mwalimu alimwita msichana, wakabaki wawili darasani. Alimwambia kwamba alikosea. Maneno yale hayakuwa ya kuazima. Yalikuwa yake kuliko ya mtu yeyote, na ayaandike yote apendavyo. Msichana alimtazama kwa adabu.

"Nimejaribu, mwalimu."

"Umeyasahau?"

"Nayakumbuka. Lakini zamani nikiandika nilikuwa namsikia baba. Sasa nawasikia wenzangu wanacheka."

Mwalimu aliinama hadi usawa wa macho yake. "Nisamehe, mwanangu."

"Si kitu, mwalimu," alisema, kwa haraka ile ya mtoto anayetaka kumwondolea mkubwa aibu, akatoka kwenda kucheza.

Kwenye mtihani wa majaribio aliandika. Mwalimu aliifungua karatasi yake akiwa amesimama.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alikufa Jumanne. Suruali ya mteja ilikuwa kwenye mashine, mguu mmoja umeshonwa. Mama aliushona mguu wa pili. Mteja alikuja akaivaa, akasema imemkaa vizuri. Hakujua kwamba imeshonwa na watu wawili.

Iliendelea hivyo hadi mwisho, sentensi fupi fupi, kila neno mahali pake. Mwalimu wa hesabu aliisoma juu ya bega lake, kisha akampigapiga mgongoni. "Hongera, bwana mdogo. Huyu anakwenda sekondari. Si ndicho ulichokuwa unakitafuta?"

Ndicho hasa. Hapakuwa na swara wala simba, hapakuwa na ndege wa kuimba. Mwalimu aliipitia tena kutoka juu, safari hii akitafuta japo msemo mmoja uliosalia kwa bahati, akafika mwisho bila kuuona. Akaipa alama za juu kabisa, maana ilizistahili.

Msichana alikuja kuichukua. Alisoma alama, akaonekana bado anangoja kitu.

"Ndivyo ulivyotaka, mwalimu?"

Alimjibu kwamba ameandika vizuri sana, na alikuwa anasema kweli. Msichana akaitikia kwa kichwa, akaenda na karatasi yake. Mwalimu akavuta rundo la insha zilizobaki, akakaa nalo mbele yake muda mrefu kabla ya kufungua inayofuata.