Nifumulie Sweta ya Baba Yako

Kazini wananiita Kondoo, na sijawahi kubisha. Mtu anafanya kazi kwenye ghala la baridi, kapewa koti nene lenye kofia na zipu, halafu chini yake anavaa sweta ya sufu yenye safu za ndege na nyota, iliyofumwa na mwanamke asiyemjua kabla yeye mwenyewe hajajua kufunga kamba za viatu. Mtu huyo jina kajitakia. Nikivua koti wakati wa chai, msimamizi wetu hulia "mee!" bila kuinua macho kwenye kikombe chake. Zamani nilikuwa nacheka. Siku hizi kucheka nako ni kazi, nanyanyua mkono tu kama mtu aliyesalimiwa.

Ilianza kwa sababu ya baridi. Ndani ya ghala lile unaiona pumzi yako mwenyewe, na koti la kazini halikunitosha. Nikanunua sweta moja ya mtumba, nzito, ya kahawia, yenye majani madogo ya kijani kifuani. Nikaonja, nikanogewa. Nikawa mtu wa kuinamia marundo ya nguo za mitumba nikizigeuza ndani nje, kwa sababu ufundi wa sweta ya mkono uko upande wa ndani. Huko ndiko nyuzi za rangi zinakopita nyuma ya maua. Unaona mahali mfumaji aliposhikwa na hasira akavuta uzi mno, unaona alipoishiwa bluu akaungia bluu nyingine akidhani hakuna atakayemjua. Usiku mmoja nilikaa kitandani naangalia mgongo wa sweta mpaka mke wangu akauliza, "Niwapishe?"

Mke wangu ana lake la kusema kuhusu masanduku yangu. Anasema tunaishi wawili na nguo za ukoo mzima usiotuhusu.

Lakini moja ilikuwa inatuhusu. Mama alimfumia baba, wakati baba akiendesha lori na kuvuka milima usiku kwenye kibanda cha lori kisicho na kioo kimoja. Ya bluu na nyeupe, yenye mapambo ya misumeno, mikubwa kifuani na midogo mikononi, na ukiigeuza ndani, nyuzi zimelala kimya, hakuna hata moja iliyovutwa kwa hasira. Hiyo sikuivaa. Niliifunga kwenye kitambaa cha pamba, nikaiwekea vidonge vya kufukuza nondo, na nikichoka sana nilikuwa naifungua tu kuiangalia. Katika zote nilizonazo hakuna iliyoifikia, na sisemi hivyo kwa kuwa ni ya mama.

Mama sasa anaishi kwa dada yangu. Kumbukumbu zake zinakuja na kuondoka. Siku za mapumziko naenda kukaa naye ili dada apumzike kidogo, ingawa hapumziki, anafua.

Siku moja nilikwenda nimevaa ile ya majani ya kijani. Mama akaushika mkono wa sweta, akausugua kati ya vidole viwili.

"Nani kakufumia?"

"Nimeinunua, mama."

Kisha akasema neno, kwa sauti yake ya siku hizi inayotoka nusu, na mimi nikasikia: "Nifumie sweta ya baba yako."

Nikacheka. "Mimi nifume? Mama, kifungo tu kinanishinda."

"Nifumie," nikasikia tena.

Nikamwahidi, kama tunavyomwahidi kila kitu. Dada akatoka uani na beseni kiunoni, akanitazama kama anavyowatazama watu wasiofua.

"Hakusema ufume. Anasema *ufumue*. Nifumulie. Wiki nzima ananiimbia hilo hilo. Anataka ile sweta uifumue apate uzi."

Kicheko kikanikauka. Silabi moja tu, na sweta ya baba inageuka uzi.

Nikaanza kukwepa. Wiki hiyo nikasema nimeisahau nyumbani. Nyingine nikasema ufunguo wa sanduku umepotea. Niliamini atasahau, maana alikuwa anasahau kama amekula, anasahau kwamba baba hayupo, siku moja alimsahau hata dada anayemuogesha. Hili hakulisahau. Nikifika mlangoni tu, kabla ya shikamoo yangu: "Umekuja nayo?"

Nikamnunulia uzi mpya, bluu na nyeupe, madonge makubwa mazuri. Akausugua kati ya vidole viwili, akauangusha chini.

"Plastiki."

"Mama, ile ni sweta ya baba. Ndiyo pekee iliyobaki. Ukiifumua haipo tena."

"Baba yako ana baridi gani sasa?" akasema. Siku hiyo alikuwepo mzima, macho yote yapo. "Mwenye baridi ni wewe. Unaingia kwenye barafu umevaa sweta za mama za watu. Leo huyu, kesho yule. Mimi nimekufa?"

Miaka yote nilijiona mtu wa heshima, ninayeokota kazi za mikono ya watu zisigeuzwe matambara. Sikuwahi kufikiri kwamba kila nikipita mlangoni kwake nilikuwa namvalia kazi ya mama mwingine. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto, jambo ambalo mimi halinipati mara kwa mara.

Wiki iliyofuata nilikwenda nayo.

Kufumua sweta ya mapambo si kukata uzi mmoja ukavuta. Kwanza unafungua mishono ya mabegani na ya ubavuni, kisha unatafuta ncha pale alipomalizia, shingoni, na kwa kuwa rangi ni mbili, zinakuja pamoja na kutatizana. Mimi nilivuta, mama akaviringisha, bluu mkono huu, nyeupe mkono ule, wala hakuzichanganya hata mara moja. Uzi ulitoka umejikunja kama nywele zilizofumuliwa misuko jana. Misumeno ya kifuani iliondoka jino baada ya jino. Nilitamani kusimama kila safu. Mama hakutamani chochote, alikuwa anafanya kazi.

Dada aliufua ule uzi, akauning'iniza na mawe madogo mwishoni ili unyooke. Siku niliyorudi, mama alikuwa tayari ameshika sindano.

"Hunipimi?" nikamuuliza.

"Nimekuzaa mwenyewe, nikupime tena?"

Vidole vyake vilikuwa vimekumbuka yote. Midomo ikihesabu vitanzi, macho ukutani, misumeno ikaanza kupanda kutoka chini kama vile haijawahi kuondoka. Nilikaa mkabala naye kwenye kiti cha plastiki, nimetoka kazini, nanuka ghala, na nilikuwa na furaha ya mtu aliyechoka, ile isiyokuwa na nguvu ya kujionyesha. Nikasinzia.

Nilipozinduka kipande cha mgongo kilikuwa mapajani mwake, na nikakiona.

Dada akaniita jikoni, akafungulia bomba.

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Ni ya mtoto."

"Nimeiona, dada."

"Utamwambia?"

"Mwambie wewe. Unakaa naye."

"Mimi namuogesha, namlisha, namgeuza, na hilo nalo niongezewe?" Akafunga bomba. Hatukumwambia.

Nitasema ukweli: niliumia, na uchungu wangu haukuwa mzuri. Nilikuwa nimetoa kitu bora nilichokuwa nacho duniani, na badala yake naletewa nguo ya mtoto wa shule. Nilijiona nimetapeliwa na sikujua nimkasirikie nani. Kazini msimamizi alilia "mee" nikamtukana, naye akanitazama kwa mshangao wa kweli, kwa sababu mimi si mtu wa kutukana.

Mara iliyofuata niliingia na shati tupu. Mgongo ulikuwa umekwisha, sindano bado zimo kwenye safu ya juu. Mama akaniita kwa kidole.

"Njoo tuone."

Nikainama. Akakiweka kile kipande kifuani pangu. Kilianzia mfuko wa shati na kuishia hapo hapo, hakikugusa bega hili wala lile. Akakivuta upande mmoja. Akakivuta wa pili. Kisha akainua uso, macho yake yakapanda taratibu, kidevuni, mashavuni, mpaka kwenye mvi.

"Umekua lini?" akaniuliza.

Dada akageukia dirishani. Mimi nikakishika kile kipande.

"Ni nzuri hivyo hivyo, mama. Nipe nitaiweka." Na nilimaanisha. Kile kitambaa cha pamba kilikuwa bado kitupu sandukuni.

"Uiweke wapi? Baridi iko kwako au iko sandukuni?" Akachomoa sindano, vitanzi vyote vikabaki hewani. "Fumua."

Nikaishika ncha. Nilivuta polepole, kwa kuwa mikono ilikuwa imechoka, na kwa kuwa sikutaka ifike mwisho. Mama akaviringisha, bluu huku, nyeupe kule. Ilipokwisha alijishikiza kwenye mkono wangu akainuka, akaenda nyuma yangu.

"Simama wima nikupime."

Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri nikishusha maboksi, magoti yanawaka.

"Nimesimama, mama."

Akaweka kidole gumba kwenye ukingo wa bega langu, akafungua shubiri yake, akaanza kunipima mgongo akihesabu kwa sauti ya chini. Akafika katikati, akasahau hesabu, akarudi begani kuanza upya.