Karani, Amesema Nini

…shall cease forthwith, hakimu amemaliza, kalamu ameiweka chini, sasa ni zamu ya Nzuki, karani wa korti, kumgeuzia yule mama Kizungu kiwe Kiswahili, kazi ya miaka kumi na minne… Mbeke kumlea mjukuu wake kuta-, kutanini, kutakoma mara moja? koma ni neno la kukemea, na huyu mama amekosa nini, Evalyne bintiye alikufa akijifungua, mvua ya El Niño, mama akabaki na Ann wa siku moja, akamlea kwa maziwa ya jirani huko Noonkopir mpaka leo ako na miaka sita, ndio Mugo, baba mtu, anajitokeza na wakili na tai… kutaisha? kuisha ni kwa unga, kwa likizo, kitu kinachoisha chenyewe…

"Karani, amesema nini?" Mbeke anauliza pole pole… ngoja mama, ngoja kidogo… aache? eeh, aache kwanza kumlea, hilo linapita kooni, lakini atashika hilo neno kwanza, ataenda na mtoto nyumbani akidhani ni kwa siku chache, na askari watamfuata huko huko, Mungu wangu, kama mzee Kuntai wa ile kesi ya malisho, grazing must cease, na Nzuki kwa kumwonea mzee huruma akamwambia acha kwanza kulisha pale, Kuntai akaacha, wiki nzima akaacha, akarudi na ng'ombe zake akijua ametii, akafungwa miezi mitatu kwa kuidharau korti, na ukame ule, akatoka akapata mifupa, na bado hukutana na Nzuki sokoni akampa mkono, sopa, salamu ya Kimaasai, akamuulizia watoto, na Nzuki anajibu, wazima, akiangalia kando…

"Karani, we are waiting." Yes, Your Honour… Mugo anaangalia saa, Ann amekaa kwa benchi huko nje, mlango uko wazi, akivuta zipu ya sweta juu, chini, juu… huruma gani, Nzuki, ulikuwa unajihurumia wewe, wewe ndiye hutaki kuangaliwa na macho ya mtu anayesikia, miaka yote unatafuta neno lisilokuuma wewe na wao ndio wanaenda jela, mjinga wewe, hata ukitafuta mpaka jioni huyu mama ataumia tu, afadhali aumie akiwa ameelewa, afadhali apate nafasi ya kumfunga mtoto viatu…

"Karani?" ni Mbeke tena, na anatabasamu, maskini, kwa sababu hakuna aliyepaza sauti anadhani ameshinda… Nzuki anamgeukia mwili mzima, wakati siku zote huwaambia watu huku akiangalia faili, mama, Ann anaenda na baba yake, leo, kutoka hapa, na hatarudi kwako, hivyo ndivyo atasema, hivyo hivyo, na hatainamisha kichwa… bado hajafungua mdomo, na Mbeke bado anatabasamu.