Sura Iliyorukwa

Kabla ya kumpa kalamu, Mwalimu Eliakimu alimsomea Aikande masharti yote manne ya kikundi cha kusoma Biblia kwa sauti, ingawa yalikuwa yamechapwa kwenye karatasi iliyokuwa mbele yake. Kuhudhuria wiki zote thelathini na nne, kila Jumatano saa kumi na moja jioni, katika chumba cha nyuma cha Kanisa la Methodisti pale Gungu. Kusoma kila siku sehemu ya Biblia iliyopangwa, bila kuruka. Kujibu kweli unapoulizwa habari za roho yako. Na la nne, ambalo mwalimu alilisoma mara mbili: linalosemwa chumbani libaki chumbani, asiambiwe mume, wala mke, wala mchungaji.

“Ukitia sahihi, umetia sahihi,” alisema. Alikuwa amefundisha hesabu kwa miaka thelathini na minane, na hata alipostaafu aliendelea kuweka kalamu tatu kwenye mfuko wa shati.

“Na nikiugua, Mwalimu?”

“Mimi mwaka jana nilikuja na malaria yangu,” alidakia Veneranda, fundi cherehani wa mtaa wa Mwanga. “Tukakaa kitini wote wawili, mimi na malaria, tukamaliza somo.”

Wakacheka, na Aikande akatia sahihi.

Alikuwa na miezi minane tangu ahamishiwe Kigoma akitokea Moshi. Kwao walikuwa Walutheri, lakini kanisa hili lilikuwa hatua chache kutoka nyumba aliyopanga, naye alikuwa amechoka kutembea peke yake. Kazi yake ilikuwa afisa uvuvi. Akishuka Kibirizi, mwalo wa wavuvi kando ya ziwa, watu walimwamkia kwa heshima zote, kisha mazungumzo yakakatika mpaka atakapopita. Wauza dagaa walimjazia kopo hadi kumwagika, lakini hawakumtazama usoni. Katika mji mzima hapakuwa na mtu aliyejua kama amelala vizuri au vibaya. Katika chumba kile, kila Jumatano, watu wanne walimgeukia na kumuuliza, kisha wakanyamaza wasikie jibu. Mara ya kwanza alishindwa kujibu. Alilia tu, na hakuna aliyemharakisha.

Kila mwanakikundi alipewa mwenzake wa kumwombea. Pastory, mhudumu wa kanisa, alipewa Veneranda. Aikande alipewa Castory, mwenye mtumbwi mmoja wa injini na nyavu mbili, mtu mcheshi, mrefu, anayeinama mlangoni hata pale pasipo na haja. Mkewe, Recho, alianza kumletea Aikande chupa ya mawese kila mwisho wa mwezi. “Shemeji yako amesema unapika na mafuta ya dukani,” alimwambia. “Utakufa na ujana wako.”

Ziwa lilipofungwa ili samaki wazaliane, mialo yote ilikaa kimya. Mitumbwi ilipandishwa mchangani. Wiki ya sita ya somo, zamu ya Castory ilipofika, alisugua viganja.

“Roho yangu haiko sawa,” alisema. “Nimeingia ziwani. Mara tatu tangu lifungwe. Nimevua.”

Pastory aliinua macho kwenye Biblia yake. Veneranda akamtazama Aikande, kisha akamtazama Castory.

“Kaka Castory, umesahau Dada Aikande anafanya kazi wapi?”

“Sijasahau. Ingekuwa kweli ya namna gani, niseme siku ambayo hayupo?”

“Kweli yako ina akili nyingi.”

“Nimetia sahihi kama wewe, Vene. Nimeulizwa, nimejibu. Na sasa nasema naacha.”

Mwalimu Eliakimu aligonga meza kwa kalamu, taratibu. “Limesemwa chumbani,” alisema, na wakaendelea na somo.

Aikande alirudi nyumbani akiwa na maswali mawili yaliyokataa kutenganishwa. Je, Castory alimwamini kiasi cha kuweka maisha yake mikononi mwake? Au alimfunga mdomo kwa makusudi, mbele ya mashahidi, kwa kutumia karatasi ya kanisa? Aliomba kwa ajili yake kama alivyopangiwa. Ofisini hakusema neno. Alijiambia kwamba mtu aliyekiri na kuacha hana haja ya kufukuzwa, na kwamba hakuna aliyeumizwa.

Wiki ya tisa, alfajiri ya Jumanne, doria iliona mtumbwi ukirudi ufukweni upande wa kaskazini wa Kibirizi. Walipofika, mtumbwi ulikuwa umetoweka. Walichokuta ni nyavu mbichi, zenye magamba ya samaki, zimesukumizwa chini ya vichanja vya kuanikia dagaa vya mzee Gervasi. Mzee alikuwa amelala kwenye kibanda chake, hatua kumi kutoka hapo. Walimwamsha, wakamwonyesha nyavu. Akasema si zake. Wakamuuliza ni za nani, akasema hajui. Saa mbili asubuhi alikuwa mahabusu.

Nyavu zililetwa ofisini, na Aikande ndiye aliyeandika maelezo yake: urefu, rangi, ukubwa wa macho. Pembeni palikuwa na maboya yaliyokatwa kutoka ndala kuukuu za bluu, yameshonewa kwa uzi wa manjano. Yalikuwa maboya ya Castory. Aliwahi kuyatoa mfukoni siku moja baada ya somo na kuyaonyesha kwa majivuno, akisema Recho ndiye mshonaji.

“Mzee mkaidi,” alisema Bwana Rodgers, mkuu wake wa kazi. “Ijumaa anakwenda mahakamani.”

“Ana umri gani?”

“Sabini na kitu. Kwani sheria ina umri?”

Jumatano Aikande alifika kikundini kabla ya wakati. Castory alikuwapo tayari, ameketi karibu na dirisha. Walisalimiana kwa kichwa. Zamu ya kila mmoja ilipita haraka, kwa majibu mafupi. Castory alisema, “Namshukuru Mungu,” akaishia hapo. Aikande alisema amechoka. Kisha Mwalimu Eliakimu akafumba macho.

“Tumkumbuke pia mzee wetu Gervasi wa Kibirizi, aliye katika taabu,” aliomba. “Ee Bwana, ukampe mtetezi.”

“Amina,” wakaitikia. Sauti ya Castory ilikuwamo, tena haikuwa ya chini.

Wote walikuwa wanajua. Watu watano, milango imefungwa, walikuwa wakimwomba Mungu ampe mzee mtetezi, na wao wenyewe kwa wiki tatu walikuwa wakijua ni nani aliyekuwa akivua.

“Tunaendelea na Mambo ya Walawi,” alisema Mwalimu. “Fungueni sura ya sita.”

Kurasa zikafunuliwa. Aikande hakufunua zake. Alikuwa amesoma sehemu ya siku hiyo asubuhi kama ratiba ilivyoelekeza, na ratiba haikusema sita.

“Mwalimu, tumeruka sura ya tano.”

“Muda hautoshi.”

“Tuna saa nzima.”

Tangu waanze, Mwalimu Eliakimu hakuwa amewahi kuruka hata orodha ya majina ya wana wa fulani. Walizisoma zote, na Veneranda alikuwa akisinzia. Sasa alichagua kalamu moja mfukoni, akairudisha, akachagua nyingine.

“Sura ya tano inaanza na habari za shahidi,” alisema Aikande. “Mtu aliyeona au aliyejua, halafu akanyamaza. Nilidhani tutaizungumza.”

“Dada,” alisema Pastory kwa kunong’ona.

“Mwacheni aseme,” alisema Castory. “Mwenzangu wa maombi huyo. Sema, dada. Lakini useme humu humu.”

“Zile nyavu ni zako.”

“Nilizitupa pale kwa hofu. Taa ya doria ilikuwa mgongoni mwangu. Sikujua kama mzee amelala pale.”

“Sasa unajua.”

“Sasa najua. Na mtoto wangu wa nne ana wiki mbili tangu azaliwe. Mimi nikiingia ndani, nani atampikia Recho uji? Gervasi watamwachia. Mzee kama yule hawamfungi.”

“Ulisema umeacha,” alisema Veneranda, naye hakuwa akitania hata kidogo.

Mwalimu Eliakimu alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya meza kama mtu anayezuia karatasi zisipeperuke.

“Masharti hayana kifungu cha jambo hili,” alisema hatimaye. “Niliyaandika mwenyewe. Sikuweka nafasi ya kusema ‘isipokuwa’. Ningeiweka, nani angesema kweli humu ndani?” Alimgeukia Castory. “Wewe unaweza kwenda mwenyewe. Nakusihi uende. Zaidi ya hapo sina ruhusa.”

Walipotoka nje, Castory alimfuata Aikande hadi penye bodaboda.

“Umewahi kuona mahali pengine mjini hapa wanapokuuliza habari zako?” alimuuliza, karibu kwa upole. “Ukilisema hili, na wewe utakuwa umetoka.”

“Nenda kesho, Castory.”

“Nitaona.”

Alhamisi Aikande alikaa ofisini kutwa nzima akiangalia mlango. Walikuja wenye leseni zilizokwisha muda, akaja mama mmoja kulalamikia harufu ya samaki. Castory hakuja. Jioni Aikande alipika wali, akautazama ukipoa. Mara mbili alishika simu ampigie mama yake, mara mbili akaiweka chini, kwa kuwa hata mama alikuwa ndani ya sharti la nne.

Ijumaa saa moja na nusu asubuhi aliingia kwa Bwana Rodgers na kubaki amesimama.

“Nyavu si za mzee Gervasi. Ni za Castory wa Gungu. Aliniambia mwenyewe kwamba anavua, na juzi alikiri kuwa ndiye aliyezitupa pale.”

Bwana Rodgers aliweka kikombe chake chini. “Alikuambia lini kwamba anavua?”

“Wiki tatu zilizopita.”

“Wiki tatu.” Alirudia maneno hayo kama anayejaribu uzito wake. “Hilo utanijibu kwa maandishi, bibie, na sitakusaidia kuyaandika. Lakini kuna kubwa zaidi. Mzee amekiri.”

“Amekiri nini?”

“Jana jioni. Amesema ni zake, ameweka dole gumba. Sasa nina karatasi yake, na nina maneno yako. Nani mwingine alimsikia huyo Castory?”

Aikande hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amejiandaa kuvunja ahadi yake peke yake, kuibeba mwenyewe na kuondoka nayo. Hakujua kwamba ahadi ile haikuweza kuvunjwa na mtu mmoja. Alivuta kiti, akaomba karatasi, akaandika majina matatu kwa mwandiko wa kunyooka: Eliakimu, Veneranda, Pastory. Chini yake aliandika mahali, siku, na namba ya simu ya Mwalimu.

Mlango ulifunguliwa. Askari aliingia na mzee Gervasi kabla ya kumpeleka mahakamani; mzee alikuwa ameshika suruali yake kwa mkono mmoja kwa kuwa walimchukulia mkanda. Aikande alisimama.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mzee, nyavu zile si zako. Kwa nini umesema ni zako?”

Mzee alimtazama askari kwanza. “Siku mbili nilisema si zangu, sikurudi nyumbani. Siku ya tatu nikaona niseme jingine. Labda ndilo walilokuwa wanalitaka.”

Aikande alihesabu bila kutaka. Siku ya tatu ilikuwa jana, siku aliyoimaliza akiangalia mlango.

Bwana Rodgers alikuwa amempigia Mwalimu simu, ameiweka juu ya meza ili wote wasikie. Iliita kwa muda mrefu. Kisha ikaja sauti ya Mwalimu Eliakimu, kavu, ya mtu aliyeamka zamani. Bwana Rodgers alijitambulisha, akauliza swali lake. Askari aliinama kuangalia kama simu imekatika.

“Ndiyo,” alisema Mwalimu. “Alisema mbele yetu wote. Nitakuja kutoa maelezo, nitafika saa tatu.” Akakohoa. “Aikande yupo hapo?”

“Yupo.”

“Mwambie amefanya linalopasa. Na umwambie Jumatano asije.”

Simu ikakatika. Bwana Rodgers alianza kuandika, askari akatafuta pa kutazama. Aikande alibaki ameshika ukingo wa meza. Kisha akahisi kitu kikigusa kiwiko chake. Alikuwa mzee Gervasi, kwa ule mkono wake mmoja uliokuwa huru.

“Mwanangu, sijaelewa vizuri maneno yenu,” alisema. “Leo nalala wapi?”

Aikande alimgeukia Bwana Rodgers. Bwana Rodgers hakuinua kichwa, lakini aliitikia kwa kukitikisa mara moja.

“Kwako, mzee,” Aikande alisema. “Leo utalala kwako.”