Mshumaa wa Jenerali

Mtu anayedai uhuru wa taifa zima aanze kuutoa wapi: jukwaani, au sebuleni mwake?

Baba yangu, Jenerali Barend Oosthuysen, alipigana na Waingereza hapa Afrika Kusini mpaka siku ya mwisho. Kisha alitia saini mapatano kwa mkono uleule ulioshika bunduki, akawa waziri katika serikali iliyoapa utii kwa mfalme wao, akajiuzulu, akaunda chama cha kizalendo. Hotuba zake zote ziliishia mahali pamoja: wakulima walimchagua kuwa jemadari kwa kura, vita vikiwa vimepamba moto, kwa sababu watu huru hawapangiwi.

Sasa alikuwa amepanga niolewe na Gideon Rautenbach, mwenyekiti wa chama wilayani, ambaye uaminifu wake kwa Baba ulikuwa umeanza kuyumba. Masomo yangu katika chuo cha Stellenbosch, yaliyobakiza mwaka mmoja, yangekomea hapo.

Kwetu Makaburu, mchumba akija, mama wa binti huwasha mshumaa. Ukiisha, mgeni huaga. Asiyetakiwa huwekewa kipande. Jioni Gideon alipokuja, Mama alikuwa ameandaa kipande kisichozidi kidole gumba. Baba akaingia na mshumaa mrefu kama mtutu wa bunduki, akauwasha mwenyewe.

"Barend, mshumaa ni kazi yangu," Mama alisema.

"Ilikuwa, Hester. Huu ni mshumaa wa chama."

"Basi chama kimuoe Gideon."

Gideon, aliyekuwa ameshaketi mezani, alicheka, akagundua kwamba anacheka peke yake, akachovya mkate mkavu katika kahawa. "Mzee Barend, huu si utafika alfajiri?"

"Kaa, kijana! Mimi nilikesha juu ya farasi usiku kucha, tena mvuani."

"Farasi aliulizwa?" nikasema.

"Aletta! Ndiyo midomo mnayofundishwa chuoni?"

Dieketseng, mpishi wetu Msotho, aliyekuwa akikusanya vikombe, alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Miaka yote aliyoishi katika nyumba hii ya uhuru, hakuwahi kuulizwa jambo lolote isipokuwa kama kahawa iko tayari.

"Baba," nikasema, "wapiganaji walikuchagua vipi?"

Uso wake ulichangamka. Swali hili alilipenda. "Kwa kuinua mikono, kwa hiari yao."

"Na asiyekutaka?"

"Alipanda farasi wake akaenda kwa jemadari mwingine. Hatukumfunga mtu kamba. Sisi si..."

Alikuwa na sura ya mpiganaji aliyeona vumbi la farasi nyuma yake, mahali ambapo hakuweka mlinzi.

Niliinuka, nikaupuliza mshumaa wa chama. Mama, bila haraka, akawasha kipande chake ili tuonane.

"Gideon, sitaolewa nawe," nikasema. "Baba, Mama, kesho asubuhi ninapanda treni, ninarudi Stellenbosch kumaliza masomo yangu."