Taulo ya Kufunguliwa Mbele ya Mgeni

Mimi sijui kusahau, na sijawahi kuomba radhi kwa hilo. Agneta alinikosea mwaka wa 2004, na mwaka wa 2006 ulipofika nilikuwa bado ninaye moyoni, namgeuzageuza kama chapati.

Sisi ni wanawake kumi na wawili wa mtaa wa Matisi, hapa Kitale. Tuna chama. Mmoja wetu akipata wageni wa kuposa binti yake, chama humpelekea taulo mbili kubwa za kuogea, na mwenzetu mmoja huchaguliwa kwenda kuzinunua. Taulo hizo hazitoki kwenye nailoni hadi mgeni afike. Nailoni hupasuliwa mbele yake, asikie mlio wake, ajue kwamba hakuna mgongo mwingine uliopanguzwa kwa taulo hiyo kabla ya wake. Hiyo ndiyo heshima yetu.

Wageni wa binti yangu Joan walipokuja kutoka Sirisia, mnunuzi alikuwa Agneta. Alileta taulo za rangi ya waridi. Siku hiyo mvua iliwanyeshea wageni, wakafika na matope hadi magotini. Nikampashia maji ya kuoga baba wa kijana, Mzee Mukhisa, nikampasulia nailoni. Akaingia bafuni mtu mzima, akatoka kifaranga. Manyoya ya waridi ndevuni, masikioni, shingoni, hata kwenye nyusi! Niliwaambia wageni wote, kwa sauti, nani aliyenunua taulo zile. Haikusaidia. Shangazi wa kijana akapiga makofi: "Bana, huyu bibi arusi si tumuite tu Kifaranga!" Nyumba nzima ikacheka. Agneta pia alicheka. Niliyaona meno yake.

Joan aliolewa, ndiyo. Lakini huko Sirisia anaitwa Kifaranga hadi leo, hata na watoto wa jirani. Kila akija nyumbani huniambia amezoea, nami namlaani Agneta upya. Nilikuwa na hakika alituletea takataka kwa makusudi, kwa wivu, kwa sababu Lenah wake alikuwa rika moja na Joan na hakuna aliyekuwa amemposa.

Basi siku yangu ikafika. Lenah alipata mchumba kutoka Matulo, chama kikakaa kuchagua mnunuzi. Niliinua mkono kabla mwenyekiti hajamaliza kuuliza.

Nilikwenda hadi Bungoma, maana maduka ya Kitale Agneta anayajua yote. Nilitaka taulo mbovu kuliko zote nchini. Nikaingia katika duka la mama mmoja aitwaye Mwihaki, ambaye ameuza taulo na mashuka tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Nionyeshe zile zinatoa manyoya," nikamwambia.

"Ati zinatoa?"

"Nizijue, nisidanganywe."

Akafurahi, maskini, akanifundisha bila haraka. Taulo iinue kwanza kwa mkono mmoja, nzuri ina uzito. Tenganisha nyuzi kwa vidole, na ukiona kitambaa cha chini mara moja, irudishe. Tazama pindo kama limeshonwa mara mbili. Kisha akadondosha maji. Juu ya taulo nyembamba yenye kung'aa, tone lilikaa likitelezateleza. Juu ya nyingine, nzito, rangi ya damu ya mzee, likazama papo hapo.

"Hii nyembamba ndio inatoa manyoya?" nikauliza.

"Hapana, mama. Hiyo haina kitu ya kutoa. Yenye inatoa ni hii nzuri, juu iko na pamba mingi. Unafua mara mbili kabla mtu aguse, basi, imeisha. Si unajua hiyo?"

Sikujua. Matisi nzima hakuna aliyejua, sisi ambao huzifungia kwenye nailoni.

Zile taulo za waridi bado ninazo. Nimezifua mwaka wa pili sasa na hazitoi kitu, na ndizo nzito kuliko zote nyumbani kwangu. Kumbe Agneta alinichagulia vizuri. Nililielewa hilo nikiwa nimesimama dukani, mchana, na akili zangu timamu. Halafu nikayakumbuka meno yake.

"Nifungie hizo nzito," nikasema. "Na nailoni uikaze."

Agneta alizipokea mbele ya chama, akazipima mkononi, akanikumbatia. "Mama Joan, wewe unajua kuchagua!" Ningeweza kumwambia azifue kwanza. Nilikunywa chai yangu tu.

Jumamosi wageni wakaja, wamejaa vumbi. Baba wa kijana, Mzee Eliakim, alikuwa mzee wa kanisa mwenye ndevu nyeupe na shati jeupe. Nilichagua kiti kinachotazama mlango wa bafu. Nailoni ikapasuka, na mlio ule ulinikolea kama sukari. Mzee akatoka mwekundu, ndevu, masikio, hadi kola ya shati. Wageni wakaanza kucheka. Niliinama mbele nisikie Lenah atapewa jina gani.

Agneta akawawahi. Akapiga magoti mbele ya mzee. "Baba, nisamehe. Hii taulo nilinunua mimi mwenyewe, haraka haraka. Msichana hana makosa. Kama ni jina, mnipatie mimi."

Mzee akajitazama kifuani, akacheka sana. "Haya, basi wewe ni Mama Manyoya. Inuka utupatie chakula." Lenah akacheka pamoja nao, na mambo yakaishia hapo.

Jikoni Agneta alinishika mkono. "Usisikie vibaya, Mama Joan. Hao wa duka wamekudanganya vile walinidanganya mimi. Ile siku ya Joan nilicheka juu ya aibu, halafu nikaenda kulia nyuma ya choo. Sikukwambia."

"Watu wa maduka ni wabaya," nikamjibu.

Nilirudi nyumbani kabla ya chakula, nimeona haya hadi masikio yanawaka. Nikanawa uso, nikajipanguza kwa taulo ya waridi, nikajitazama kwenye kioo. Haikuwa imeniachia hata unyuzi mmoja.