Jina Nililoliandika kwenye Bidon

Tarehe tano mwezi wa nane 1998, siku ya mercredi, saa moja ya asubuhi, watu wa bunduki walifika kwenye robine, bomba la maji la kartiye yetu, hapa Baraka, wakaanza kusoma majina kwenye bidon, madumu yetu ya maji. Majina yale mi ndiye niliyaandika. Nasema hivyo mwanzoni, mtu asinisome mpaka katikati akidhani mi ni mtu mzuri.

Naitwa Déogratias. Masomo yangu yaliishia mwaka wa nne wa primaire, lakini herufi nazijua, kwa sababu kazi yangu ni kupaka rangi mitumbwi ya wavuvi na kuandika majina yake ubavuni. Mke wangu, Rosette, alikufa 1996 tukikimbia vita ya kwanza. Wakubwa walipanda mtumbwi wa mota, wagonjwa wakaachwa kwenye mchanga. Tangu hapo mkubwa akinisalimia namwitikia kwa mdomo tu.

Mwezi wa tatu wa mwaka ule wa 1998, bureau moja ya maendeleo ilileta vijana saba waliomaliza masomo makubwa Bukavu. Kila mmoja alipaswa kulala miezi sita katika familia ya kartiye, huku mtaani kwetu, ale wanachokula, achote maji wanapochota, halafu atafute pamoja nao shida moja ya kutengeneza. Mi nilipewa Nadège. Alikuwa na miaka ishirini na minne, miwani, na daftari asiloliacha hata jikoni. Juma la kwanza aliosha ndagala, samaki wadogo wa ziwa, mara tatu kabla ya kuzipika. Jirani yangu Suzanne alimwangalia juu ya ukuta wa matete.

"Mademoiselle, unaziosha ao unazibatiza?"

Nadège alicheka mpaka akashika tumbo. Kuanzia siku ile wamama walimpenda.

Shida waliyoichagua ilikuwa robine. Kwetu mtu hasimami kwenye mstari. Bidon ndiyo inasimama. Mama anaipanga jioni, asubuhi anaenda shambani, na bidon inamshikia nafasi. Lakini zote ni za njano. Huyu amefunga kitambaa, yule amekata alama kwa kisu. Vitambaa vinafunguliwa, bidon zinarukishwa mbele, wamama wanashikana nywele.

"Tuandike numero, Papa Déo," Nadège alisema. "Moja mpaka makumi sita."

"Numero ni ya bafungwa," nikamjibu. "Batu beko na majina. Mi nitaandika majina."

Wazo lilikuwa langu. Nilitaka wote wapite pale waone mkono wangu. Chef wa bureau, Bonaventure, alilipenda hata kuliko mimi.

"Voilà! Jina kamili, la ukoo. Bageni banakuja jeudi tarehe sita kupiga photo."

Basi nikachukua rangi ya buluu ya mitumbwi, nikaanza. Wa nne kuleta bidon alikuwa Mama Marthe. Huyu alishuka zamani kutoka Bibokoboko, kule milimani kwa wafugaji, akiuza maziwa. Mume wake alipokufa akabaki hapa na binti yake Uwamwiza. Alisali pamoja nasi na alimlilia Rosette kuliko ndugu zangu.

"Papa Déo, andika Marthe. Inatosha."

"Hapana, mama. Chef anataka jina kamili."

"Lakini hapa bote bananiita Marthe."

"Mi siandiki nusu ya muntu."

Aliangalia barabara, halafu akaniambia. NYIRAKAMANA. Jina la milimani kwa yeyote anayelisoma: herufi kumi na moja, zilizonyooka kama zimepimwa kwa kamba. Nilirudi nyuma hatua mbili ili niziangalie vizuri.

Siku ya lundi, Jumatatu tarehe tatu, radio ikasema vita imeanza tena, na kwamba adui ni watu wa milimani. Kufika jioni, watu waliokuwa wanacheka na jirani zao wa milimani walianza kuwapita bila kuwasalimia. Kesho yake, mardi asubuhi, Nadège alikuja na nusu chupa ya mazutu, mafuta ya gari, na matambara.

"Papa Déo, tufute majina. Leo hii."

"Umemuuliza Chef?"

"Nimemuuliza. Anasema tungoje photo ya jeudi."

"Basi tungoje."

"Papa, jina la Mama Marthe linaonekana mpaka barabarani!"

"Rangi ile ni ya mitumbwi," nikasema. "Ukiisugua itachafua bidon yote. Unataka bageni baone uchafu?"

Aliniangalia sana. Alianza peke yake, akisugua bidon ya Mama Marthe. Nikamnyang'anya tambara. Ndiyo, nilimnyang'anya. Leo nasema ni Bonaventure aliyekataa, na ni kweli alikataa. Lakini Bonaventure hakuwa pale. Mkono uliovuta tambara ulikuwa huu.

Mercredi, Jumatano, watu wa bunduki wakafika. Mmoja, kijana mwenye kofia ya sufu, alisoma majina kwa sauti akiyachekelea. Kwenye bidon ya nne aliacha kucheka.

"Mwenye hii ni nani?"

Wamama wakaangalia bidon zao.

"Naulizaka!"

"Bidon haina mudomo, mutoto yangu," Suzanne akasema. "Iko ya kartiye yote."

Kijana akampiga kofi, miwa aliyobeba Suzanne ikaanguka. Halafu akaona vidole vyangu. Buluu ilikuwa bado chini ya kucha.

"We ndiye fundi?"

"Ndiyo, Chef." Nilimwita Chef, mtoto ambaye ningeweza kumzaa.

"Nyumba yake iko wapi?"

Kwetu tukionyesha kitu tunasukuma midomo tu upande wake. Nilisukuma midomo.

Mama Marthe alitoka na kikombe mkononi. Hakulia. Walimpandisha kwenye pick-up nyeupe, ikashika njia ya kupanda Fizi. Niliiona mpaka vumbi lilipoisha.

Nadège alifika anakimbia, bila miwani.

"Balielekea wapi, Papa Déo?"

Wamama walikuwa wametawanyika. Nilikuwa peke yangu kumjibu. Nilidhani nikisema nimeona, ataniuliza nimeona nini kingine.

"Sikuona," nikasema.

Akadhani wameenda upande wa Uvira. Akachukua kinga, baiskeli ya jirani, akaikanyaga kwenye njia ya Mboko, upande usio wenyewe. Kule Lweba alimkuta Uwamwiza akirudi na kapu la mihogo. Akamzuia, akamtafutia mtumbwi wa kuvuka ziwa. Kwa hiyo binti alipona kwa sababu ya uongo wangu, na mtu mmoja aliwahi kuniambia nijifariji kwa hilo. Nilimwambia atoke kwangu.

Bonaventure alimtaka Nadège aandike kwamba kazi ya robine ilifaulu. Akakataa. Aliandika: "Majina kwenye bidon ni kosa langu mimi Nadège." Alinisomea ripoti yote, kalamu mkononi, akingoja niseme neno. Niliangalia miguu yangu. Walimfukuza bila cheti, naye akaondoka Baraka amebeba mzigo wangu. Hakunitaja hata mara moja. Afadhali angenitukana.

Mwaka wa 2003 Uwamwiza alirudi toka Tanzania, mtu mzima sasa. Alisimama mlangoni kwangu, akakataa kiti.

"Papa Déo, batu banasema ulikuwa pale. Ile gari ilishika njia gani?"

Jibu nilikuwa nimelificha. Miaka mitano.

"Ya Fizi," nikasema. "Na ni mi niliwaonyesha nyumba yenu."

Hakunipiga. Alifunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akasema, "Basi tutaenda wote."

Tulipanda Fizi kwa miguu. Aliuliza kwenye bureau ya territoire, yaani ya wilaya, kwenye kambi, kwa wauza mafuta, kwa wachungaji. Wakubwa walitutuma kwa wakubwa wengine. Bonaventure, tulipomkuta Uvira na tai shingoni, alisema mambo yale ni ya zamani, tusamehe, tujenge nchi. Uwamwiza hakumjibu kuhusu nchi. Alimuuliza lilelile alilouliza kila mlango, nami nikiwa nyuma yake nimeshika kofia:

"Pale gari iliposimama, mama yangu alishuka akiwa muzima?"